Mwongozo kamili wa miguu: namna ya kuikagua nyumbani, matatizo yanayotusumbua wengi, na lini uache kujitibu ukimbie hospitali

Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni nachambua mchele, baba mdogo akaingia katokea dukani, kavua ndara mlangoni kama kawaida yake, akapita mbele yangu anaelekea chumbani. Nikaona kila anapokanyaga na mguu wa kulia anaacha doa jekundu sakafuni. Nikamwambia baba simama, umejikata? Akashika ukuta, akageuza unyayo akautazama kama anatazama unyayo wa mtu mwingine, akanijibu mbona sijasikia kitu mwanangu. Nikaenda kuziangalia zile ndara, kumbe msumari wa bati umetoboa soli na ncha imechomoza kwa juu, imelowa damu, na yeye katembea nao mpaka dukani na kurudi, kama dakika 20 kwenda na 20 kurudi.

Baba mdogo ana sukari, wakati huo ilikuwa inaingia mwaka wa 9. Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walimsafisha juu juu, wakafunga bandeji, wakampa vidonge wakatuambia turudi wiki ijayo, hakuna aliyemuuliza habari za sukari wala aliyeugusa mguu kuona kama unasikia. Siku ya 5 kidole kikawa cheusi. Mwisho wa yote alipoteza vidole 2, mguu ukabaki, na leo anatembea, tunamshukuru Mungu. Mimi toka hapo nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki za sukari, nimeuliza sana manesi na madokta, nimejifunza kukagua miguu ya wazee wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na kabla sijaenda mbali naomba ulishike hili: sisi tumezoea kupima ubaya wa jeraha kwa maumivu, likiuma tunakimbia, lisipouma tunasema litapona lenyewe, sasa kwenye miguu hesabu hiyo inadanganya watu kila siku. Mguu wenye kidonda halafu hauumi, huo ndo wa kukimbizwa hospitali.

Hatua ya 1: Tenga dakika 10 uikague miguu, leo leo

Usisubiri tatizo. Kaa sehemu yenye mwanga mzuri, nawa miguu kwa sabuni ya kawaida, ikaushe vizuri hasa katikati ya vidole, halafu anza kuangalia. Unyayo hauonekani kirahisi, hasa kwa mtu mzima mwenye tumbo au mgongo unaouma, kwa hiyo laza kioo kidogo sakafuni upitishe mguu juu yake, au piga picha kwa simu uikuze uone vizuri. Mimi napenda picha maana unaweza kulinganisha na ya mwezi uliopita.

Unatafuta nini? Katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na cha pembeni yake, tafuta ngozi nyeupe iliyolowana au iliyochanika. Kwenye visigino tafuta mipasuko, angalia kama ni ya juu tu au imeingia mpaka nyama inaonekana. Kwenye unyayo, chini ya mizizi ya vidole, tafuta sugu, na kama ndani ya sugu kuna doa jeusi au la damu ya zamani usilipuuze, hiyo ni damu imevilia chini kwa chini na mara nyingi kidonda kipo tayari ila kimefunikwa. Kwenye kucha angalia rangi, unene, na pembe zinazoingia nyamani. Kisha shika miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wako ulinganishe joto, mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, au mmoja wa baridi kuliko mwenzake, hiyo ni habari.

Kwa akina mama wanaopaka hina au piko nyayo nzima: hina inaficha rangi, wekundu na weusi hauonekani chini yake. Sisemi uache, ila kama una sukari ipake juu ya mguu uache unyayo na ncha za vidole wazi. Na ile piko nyeusi sana iliyochanganywa na rangi ya nywele inaweza kukutoa malengelenge mabaya, hiyo iache kabisa.

Hatua ya 2: Pima kama mguu unasikia

Hospitali wana kifaa kama uzi wa nailoni, monofilamenti, kinachopinda kikibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, wanakugusa nacho sehemu mbalimbali za unyayo. Nyumbani huna, lakini kuna kipimo kilichoanzia mji wa Ipswich kule Uingereza ambacho kinahitaji kidole tu na mtu wa kukusaidia, na mimi ndo nakitumia.

Mzee alale au akae miguu ikiwa wazi, afumbe macho. Mwambie kila akisikia umemgusa aseme kulia au kushoto. Wewe mguse na ncha ya kidole cha shahada taratibu kabisa, kama nzi katua, sekunde 1 au 2, usibonyeze, usipapase, na usirudie ulipokwisha kugusa. Anza na kidole gumba cha kulia, kisha kidole kidogo cha kulia, halafu gumba cha kushoto, kidogo cha kushoto, malizia na vidole vya katikati, kulia na kushoto. Jumla mara 6. Akikosa 2 au zaidi, miguu yake imepoteza hisia kiasi cha kuwa hatarini, mpeleke akapimwe vizuri hata kama hana kidonda hata kimoja. Baba mdogo tulipompima kwa mara ya kwanza alikosa zote 6, alikaa kimya tu macho kafumba ananiuliza, umeshaanza?

Ganzi ya namna hii haitokani na sukari peke yake. Pombe ya muda mrefu inaleta, upungufu wa vitamini B12 unaleta, baadhi ya dawa zinaleta, na ukoma nao bado upo, kwa hiyo mtu mwenye ganzi halafu ana mabaka ya ngozi yasiyosikia aende akapimwe ukoma bila aibu, dawa zake zinatolewa bure na unapona.

Hatua ya 3: Tafuta mapigo

Weka vidole viwili juu ya mguu, pale kwenye mgongo wa unyayo kwenye mstari unaoshuka kati ya kidole gumba na cha pili, bonyeza kidogo tu usikilize. Kisha weka nyuma ya ile nundu ya ndani ya kifundo cha mguu. Yanatakiwa yasikike. Yale ya juu ya mguu yanaweza yasisikike hata kwa mtu mwenye afya kabisa, usiingiwe hofu kwa hilo moja, lakini yakikosekana pote pawili, na mguu ni wa baridi, na nyama ya nyuma ya mguu inabana ukitembea halafu inaachia ukisimama, hapo damu haifiki vizuri, nenda ukaonane na daktari. Wavuta sigara hii inawahusu sana.

Sasa matatizo yenyewe, nianze na yale unayoweza kuyamudu mwenyewe.

Fangasi wa vidoleni

Wanapenda unyevu. Mvaa buti za mvua shambani, wa mashamba ya mpunga kule Mbarali au Mwea, askari, mlinzi, mwanafunzi mwenye soksi za nailoni na viatu vilivyofungwa kutwa nzima, na pia sisi tunaotawadha mara 5 kwa siku halafu tunavaa soksi miguu ina maji. Udhu wenyewe hauna shida, unakupa nafasi ya kuigusa miguu yako mara 5, mzee gani mwingine anapata hiyo? Shida ni kutokausha katikati ya vidole. Weka kitambaa kidogo cha pamba mfukoni cha kazi hiyo tu.

Dawa ni krimu ya kuua fangasi, klotrimazoli au terbinafini, zipo maduka ya dawa. Paka kidogo ngozi ikiwa kavu, na usiache siku muwasho ulipoisha, hapo ndo wengi tunapokosea. Klotrimazoli endelea mpaka wiki 4, terbinafini inafanya haraka zaidi, fuata karatasi yake. Kitu cha kukwepa ni zile krimu za mchanganyiko, tyubu moja ina dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kama betamethasoni ndani yake, watu wanazipenda maana muwasho unakata siku hiyo hiyo, kumbe steroidi inaizubaisha ngozi, wekundu unapotea na fangasi wanaendelea kusambaa chini chini, ukiacha wanarudi wabaya zaidi.

Kucha zikishakuwa nene, za njano, zinamegeka kama chaki, krimu haitaingia. Hiyo inataka vidonge kwa muda mrefu, kwa kucha za miguuni kama wiki 12, na daktari akuangalie ini kwanza. Usinunue kienyeji.

Magaga

Kisigino kikavu kinapasuka kwa sababu ngozi imekuwa nene na ngumu, halafu uzito wako unaitanua kila ukikanyaga. Wanaotembea peku na wa malapa wazi ndo wanaumia zaidi. Jioni loweka dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu, sugua taratibu na jiwe la kusugulia miguu, kausha, paka vaselini au mafuta mazito, vaa soksi za pamba ulale nazo. Yakiwa sugu tafuta krimu yenye yurea, ile ya asilimia 10 mpaka 25. Fanya kila siku kwa wiki 2 au 3 utaona mabadiliko.

Lakini kama una sukari au ganzi, kuloweka usiloweke kabisa, wewe osha tu na kukausha. Na wembe kwenye kisigino hapana, kwa mtu yeyote. Nimeona kijana wa mtaani anayepita na kibeseni chake na kopo la rangi za kucha akimkwangua mama mmoja magaga kwa wembe aliotoka kumkwangulia mwingine, nikaumia moyo. Kama unapenda huduma hiyo, na wengi tunaipenda, nunua vifaa vyako ukae navyo, na mwambie asikuguse na kitu chenye makali.

Sugu na chunjua za unyayoni

Sugu inatokea pale kiatu au mfupa unapobana siku nyingi, kwa hiyo ukiikwangua bila kubadilisha kiatu itarudi. Kuna kitu kingine kinachofanana nayo, chunjua za unyayoni, ambazo zinaletwa na kirusi. Kutofautisha: sugu inauma ukiibonyeza moja kwa moja kwa juu, chunjua inauma zaidi ukiibana kwa pembeni na mara nyingi ina vidoti vyeusi vidogo ndani. Zote dukani utauziwa plasta au maji ya asidi ya salisili. Kwa mtu mzima wa afya sawa, ila mwenye sukari au ganzi asiiguse, inachoma ngozi na yeye hasikii inavyochoma.

Ukucha kuota ndani

Kata kucha moja kwa moja, usizungushe pembe kufuata kidole, na usikate fupi sana mpaka nyama inaonekana. Ukianza kuingia nyamani na bado hakuna usaha, loweka maji ya vuguvugu yenye chumvi mara 2 kwa siku, kausha, inua pembe ya ukucha taratibu uweke kipande kidogo cha pamba safi chini yake, badilisha kila siku, na vaa kiatu cha wazi. (Hili la kuloweka tena haliwahusu watu wa sukari.) Ikishatoa usaha, ikavimba, au nyama nyekundu ikaota pembeni, hayo ya nyumbani yamefika mwisho, nenda wakakuchome ganzi wakate ule upande wa ukucha, kazi ya muda mfupi tu na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kisigino kinachouma asubuhi

Unashuka kitandani, hatua ya kwanza kama umekanyaga msumari, ukitembea tembea inapungua, ukikaa sana ukasimama inarudi. Hiyo ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, umechoka. Makonda, walimu, mama lishe, wahudumu wa maduka, yaani watu wa kusimama kutwa, na walioongezeka uzito ghafla, ndo inawapata sana. Wengi wanaambiwa wana gauti na kuanza kukatazwa nyama, kumbe gauti mara nyingi inakamata mzizi wa kidole gumba, ghafla, usiku, unavimba, unakuwa mwekundu na hata shuka likigusa unapiga kelele. Ni vitu viwili tofauti.

Kwa kisigino fanya hivi. Kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono au kwa khanga, shikilia kama sekunde 30, mara 3. Kisha ukiwa umesimama weka mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, kisigino kisinyanyuke, sukuma ukuta mpaka nyama ya nyuma ivutike. Jioni gandisha chupa ya maji, iweke sakafuni juu ya kitambaa, izungushe kwa unyayo dakika 10. Acha kutembea peku ndani kwenye vigae, na acha ndara zilizokwisha. Inachukua miezi, nakuambia ukweli usikate tamaa wiki ya pili, lakini watu wengi wanapona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Ikikaa zaidi ya wiki 6 bila nafuu yoyote, au kisigino kinauma hata umelala, kaonane na daktari wa mifupa.

Funza

Huyu alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Afrika kupitia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotokea Brazil, na kabla karne ile haijaisha alishavuka bara zima kufika huku kwetu. Jike linazama kwenye ngozi, pembeni ya kucha au kisiginoni, linavimba mayai kama punje nyeupe yenye doti jeusi katikati. Ubaya mkubwa unatoka kwenye pini inayopita kutoka mguu wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine, hiyo inaweza kubeba magonjwa ya damu, na tundu linalobaki linaweza kuingiza pepopunda. Kama ni mmoja, osha, tumia sindano mpya ya mtu mmoja, toa mzima, paka dawa ya kuua vijidudu. Wakiwa wengi usiwachokonoe mmoja mmoja mtoto akilia, nenda kituo cha afya, siku hizi kuna mafuta ya dimetikoni ambayo yanapakwa na yanawaua pale pale walipo. Na nyumba yenye sakafu ya vumbi imwagiliwe maji na kufagiwa, wanyama nao watibiwe, la sivyo watarudi wote.

Doa jeusi

Hili nalipitia kwa haraka lakini tafadhali lisome. Bob Marley alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani ya ngozi, melanoma, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Sisi weusi saratani hii hatuipati sana, ila tukiipata inapenda kukaa unyayoni na chini ya kucha, sehemu ambazo hatuangalii. Kucha nyingi za watu weusi zina mistari ya kahawia na ni kawaida, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Mstari mmoja mpya unaopanuka, weusi unaovuka ukucha mpaka kwenye ngozi, doa la unyayoni linalokua, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu, hilo linatakiwa likatwe kipande kipimwe. Usikubali kuambiwa ni fangasi au ni damu ya kujigonga miezi 3 mfululizo bila kipimo.

Kidonda, na hapa nitakaa kidogo

Kama una sukari, au mguu umeshindwa lile jaribio la kuguswa, kidonda chochote cha mguuni, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, kionwe na mtaalamu ndani ya saa 24. Wakati unajiandaa kwenda, kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funika na gozi safi, usikikanyagie. Usiweke spiriti, dawa ya meno, majivu, unga wa vidonge vya antibiotiki uliopasuliwa, mafuta ya breki, wala majani, na usikikande kwa maji ya moto. Wazee wengi wanaungua hapo, mguu hausikii joto, anatumbukiza kwenye beseni, ngozi inatoka. Maji ya kuogea mzee wa sukari pima kwa kiwiko chako wewe, sio mguu wake.

Kidonda cha unyayo hakiponi kwa sababu unakikanyaga. Mtu anatembea na kidonda hatua maelfu kwa siku, halafu anashangaa dawa haifanyi kazi. Ndo maana wataalamu wanafunga mguu plasta ngumu kama ya aliyevunjika, au wanampa kiatu maalumu cha kupunguza uzito pale penye jeraha, na bila hilo antibiotiki za bei yoyote zitashindwa. Muulize daktari swali hili kwa mdomo wako: mgonjwa wangu atapunguzaje kukanyagia kidonda? Akikuandikia dawa tu bila kulijibu, uliza tena.

Piga picha kila wiki, weka sarafu ya shilingi 100 pembeni ya kidonda ili uone kipimo. Kikipita wiki 4 na hakijapungua hata nusu, matibabu yabadilishwe au upewe rufaa. Ukiona kitu cheupe kigumu chini ya kidonda ukahisi ni mfupa, usisubiri wiki 4.

Kuna hali moja inayowadanganya hata watu wa afya: mgonjwa wa sukari, mguu mmoja umevimba, wa moto, mwekundu, hauna kidonda wala hauumi sana. Inaitwa mguu wa Charcot, mifupa inavunjika vunjika ndani kwa ndani huku mtu anatembea juu yake, na mwisho unyayo unabinuka kama mgongo wa mtumbwi. Akae chini asikanyage, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku

Nyekundu inayopanda kutoka kwenye kidonda kwenda juu ya mguu. Homa au kutetemeka ukiwa na kidonda. Harufu mbaya, usaha, ngozi inayolia kama karatasi ukiibonyeza. Kidole kilichobadilika kuwa cheusi au bluu. Mguu uliogeuka wa baridi na mweupe ghafla na unauma sana, hapo saa zinahesabika. Mguu mmoja uliovimba ghafla mpaka nyuma ya goti, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda. Umechomwa na msumari uliopita kwenye raba au buti, hata kama tundu ni dogo na limeziba, nenda kwa ajili ya sindano ya pepopunda na kuangaliwa, kiatu kilicholowa jasho kinaingiza vijidudu ndani kabisa.

Na mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani, usisubiri akue zijinyooshe. Wiki za mwanzo ndo nzuri, anafungwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha anavaa viatu vyenye chuma kati yake, mwanzoni karibu saa zote, baadaye usiku, mpaka kama miaka 4 au 5. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanafanya kazi hiyo.

Uende wapi

Wenzetu Uingereza na Marekani wana mtaalamu wa miguu tu, podiatristi. Huku Afrika Mashariki hao ni wachache mno, ukisubiri kuona kibao cha daktari wa miguu utasubiri sana. Kwa hiyo gawa hivi: mwenye sukari aanzie kliniki ya sukari ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, ukipiga simu watakuambia siku yake. Mifupa na visigino ni daktari wa mifupa, Dar kuna taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Ngozi, fangasi sugu, madoa, ni daktari wa ngozi, kanda ya kaskazini hospitali ya KCMC Moshi wana kituo kikubwa cha ngozi. Zahanati ni sawa kwa kuanzia na kwa rufaa, hasa kama unatumia bima, ila kwa kidonda cha sukari usikubali kuzungushwa wiki na wiki hapo.

Ukifika vua viatu na soksi zote mbili kabla hujaulizwa. Kwa kweli hii imetusaidia kuliko kitu chochote, daktari ana foleni ya watu 60, mguu ukiwa ndani ya kiatu hatauona, ukiwa wazi juu ya kiti atauangalia. Mwambie una sukari tangu lini, kidonda kilianza siku gani, umeweka nini juu yake (sema hata kama ni majani, usione haya), na onyesha zile picha za simu. Mwenye ganzi bila tatizo lingine akaguliwe kila miezi 6 mpaka 12, na aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole arudi kila mwezi 1 mpaka 3, maana kidonda kinapenda kurudi.

Viatu, na panya

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kabla ya kwenda sokoni simama juu ya karatasi ngumu, mwenzako achore kuzunguka unyayo, ukate. Ukifika Karume au Gikomba tumbukiza hiyo karatasi ndani ya kiatu, ikijikunja pembeni kiatu hicho kitakubana hata kama kina lebo ya namba yako. Mtumba mzuri upo, ila toa soli ya ndani uiangalie, kama ina shimo la unyayo wa mwenye nacho wa kwanza, mguu wako utalazimishwa kutembea kama wake. Ndara za kidoleni kwa mtu mwenye ganzi hapana, zinachubua katikati ya vidole na zinachomoka bila yeye kujua, mtafutie sandali yenye mkanda wa nyuma na soli nene. Kila asubuhi kiatu kikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa.

Halafu panya. Najua inasikika ajabu, lakini madaktari wa Dar es Salaam wameandika kabisa mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa sukari waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wanaamka asubuhi wanakuta kidonda hawajui kimetoka wapi. Mzee mwenye ganzi aoshe miguu kabla ya kulala isiwe na harufu ya chakula, alale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote, na mabaki ya chakula yasikae chumbani.

Baba mdogo sasa akimaliza kula usiku ananyoosha miguu kwenye kigoda, mjukuu wake wa darasa la 4 analeta tochi ya simu na kioo, anakagua kidole kimoja kimoja kwa sauti, anahesabu 8, kisha anakwenda mlangoni kuingiza mkono kwenye sandali zote mbili kabla ya kuzipanga.